Nani aingie kwa jirani: mwenyekiti, manispaa, polisi au baraza la ardhi?

Ufa ulianzia juu ya dirisha la jikoni, ukashuka kama mstari wa penseli mpaka karibu na soketi ya jokofu. Mume wangu aliuwekea alama ya kalamu kwenye ncha, akaandika tarehe pembeni. Baada ya wiki mbili ufa ulikuwa umeipita alama kwa upana wa kiganja. Ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na fensi ya mabati, na nyuma ya mabati mashine ya kuchanganyia zege ikinguruma kutwa. Mlango wao ulifungwa kwa mnyororo. Fundi ukimuuliza, bosi hayupo. Bosi ukimpigia, simu inaita mpaka inakata.

Nikafanya kile tunachofanya wengi hapa Dar: nikaenda polisi. Afande wa kaunta alinisikiliza vizuri, wala hakunikaripia. Nilipomaliza akaweka kalamu chini akaniuliza, "Sasa dada yangu, tukiingia pale tukamate nini? Zege?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini usiku, nikiwa nimekaa jikoni nautazama ule ufa, nikaona afande alikuwa ameniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kujiuliza kabla ya kupanda bajaji. Nilikuwa nawaza nani ana nguvu ya kuingia mle, sijawaza akishaingia afanye nini. Tangu hapo majirani huniletea kesi zao, na kila mmoja huanza palepale nilipoanzia: "Nani anaweza kuingia kwa yule mtu?" Jibu ni kwamba wapo wanne, na kila mmoja anaingia kwa kazi yake. Ukimwita asiyehusika utazungushwa mpaka jengo la jirani lipigwe rangi.

Vipimo vya kulinganishia

Tuanze na Katiba, kwa sababu ndiyo inayofunga geti. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na heshima na hifadhi ya maskani yake, na inaeleza kwamba haki hiyo itaingiliwa tu kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa maana hiyo, yeyote anayetaka kuvuka geti la mtu bila kukaribishwa lazima awe na sheria nyuma yake. Cheo peke yake hakitoshi, wala gari la serikali.

Wote wanne nitawapima kwa mambo yaleyale: anaingia na karatasi gani, akishaingia mkono wake unafika wapi, anachukua muda gani na mfuko wako utoboke kiasi gani, siku kibao kikigeuka akaja kugonga kwako, umpokeeje, na mwisho, anamfaa nani.

Tenganisha pia maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Kukagua ni kuja kuangalia kitu kilicho wazi ukilinganishe na masharti yake. Kupekua ni kutafuta kitu kilichofichwa au kinachohusishwa na kosa. Mwenye ruhusa ya la kwanza hana ruhusa ya la pili kwa sababu hiyo tu.

Serikali ya mtaa

Karatasi: hana, na haihitaji. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, mara ya mwisho ikiwa 27 Novemba 2024. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri. Wote wawili wakiingia kwa mtu wanaingia kwa kukaribishwa. Watu hulidharau hilo, lakini kwa mji huu kukaribishwa kunafungua mageti mengi kuliko hati. Yule fundi aliyetukatalia sisi, mwenyekiti alipofika alikimbilia kumtafutia stuli ya kukalia.

Akishaingia: anaona kwa macho, anasikiliza pande zote, anapatanisha. Hana amri ya kisheria ya kusimamisha ujenzi. Akisema "acheni kwanza," hilo ni ombi lenye sauti nene. Thamani yake kubwa ni barua. Barua ya mtendaji yenye muhuri, inayosema nani analalamika, kiwanja kipi na kimeonekana nini, ndiyo utakayotembea nayo ofisi zote zinazofuata. Tena mwenyekiti au mjumbe wa shina anaweza baadaye kuwa shahidi wako, maana aliona kabla kitu hakijafukiwa.

Muda na mfuko: siku moja mpaka wiki. Ukiambiwa kuna hela ya karatasi, omba risiti kwa upole.

Akija kwako: mkaribishe kama mgeni. Una haki ya kumwomba aje jioni mwenye nyumba akiwapo. Ila usimfungie, keshokutwa utamhitaji akugongee muhuri.

Anamfaa: mtu ambaye jirani yake bado anasemezeka, na mtu yeyote ambaye bado hana hata karatasi moja mkononi.

Halmashauri: afisa mipango miji na mkaguzi wa majengo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani, iliyopandishwa mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Chini ya Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, kila moja ni mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Hakuna anayeruhusiwa kuendeleza kiwanja ndani ya eneo la mipango miji bila kibali cha mamlaka hiyo. Usisahau kuangalia uko upande gani wa mpaka: nimeona mtu wa Mabibo akipoteza siku mbili Kinondoni wakati Mabibo iko Ubungo.

Karatasi: mkaguzi anakuja na kitambulisho cha kazi, na nguvu yake ni kibali chenyewe. Anayeomba kibali cha ujenzi, siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI, anapewa chenye masharti, na mojawapo ni kukaguliwa hatua kwa hatua: msingi kabla ya kumwaga zege, jamvi, lenta, na kuendelea. Akikuta kibali hakipo, hapo kosa lenyewe liko wazi mbele yake. Hana hati ya upekuzi kwa sababu hakuja kupekua. Ramani iko mkononi, jengo liko mbele, analinganisha.

Ugumu huanza jengo likishahamiwa. Saiti yenye vumbi na nondo haifanani na nyumba yenye mama anayemnyonyesha mtoto sebuleni. Mkaguzi mwenye busara akikataliwa mlango wa nyumba inayokaliwa hasukumi. Anaacha notisi, na ikibidi shauri linapelekwa mahakamani. Waingereza wameliandika jambo hili kinagaubaga kwenye sheria yao ya mipango miji ya mwaka 1990: ofisa akitaka kuingia nyumba inayokaliwa anatoa taarifa ya saa 24, akikataliwa anaomba hati kwa hakimu, na hati hiyo inatumika mara moja tu ndani ya mwezi mmoja. Napenda hesabu ile. Huku kwetu tunategemea zaidi adabu ya ofisa na uelewa wa mwenye geti.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inampa Kamishna wa Ardhi, au ofisa aliyeidhinishwa naye, haki ya kuingia kwenye ardhi kukagua. Njia hii inahusu zaidi masharti ya hati miliki: kiwanja cha makazi kilichogeuzwa kuwa ghala au baa, kwa mfano.

Akishaingia: kati ya wote wanne, huyu pekee ndiye anayeweza kusimamisha kazi siku hiyohiyo. Kwetu alikuja kijana mmoja na dada mhandisi. Waliomba kibali. Fundi akatoa nakala iliyokunjwa mara nne kutoka mfuko wa suruali, imeloa jasho. Dada aliikunjua juu ya rundo la tofali, akatembea mpaka ukutani kwetu, akachungulia chini. Walikuwa wamechimba shimo la tanki la maji la chini kwa chini, karibu urefu wa mtu, hatua moja kutoka kwenye msingi wetu. Kwenye ramani tanki lilionyeshwa upande wa pili wa kiwanja. Hakugombana na mtu. Alichukua kopo la rangi nyekundu, akaandika SIMAMISHA kwenye mabati, akajaza notisi kwa nakala, moja akampa fundi asaini.

Mkaguzi hana uwezo wa kukulipa ukarabati, kuamua mpaka ni wa nani, wala kufungua kabati la mtu kutafuta nyaraka.

Muda na mfuko: siku chache ukiwa na barua ya mtaa na picha, wiki nyingi ukienda mikono mitupu. Malalamiko hayalipiwi. Peleka kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana faili lisilo na nakala hupotea kama sindano mchangani. Ukiambiwa gari la ofisi halina mafuta, na utaambiwa, usikimbilie kutoa hela ya mafuta. Uliza ratiba ya ukaguzi wa kata yenu, kisha rudi siku hiyo asubuhi.

Akija kwako: mwonyeshe kibali na ramani, tembea naye, andika jina lake na alichokagua. Akiacha notisi, soma kifungu alichotaja na siku ulizopewa. Hapa wengi huumia: wanaikunja notisi, wanaiweka juu ya kabati, wanasubiri. Kumbuka kwamba kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi. Kama tingatinga linaweza kufika kabla ya siku hizo, Mahakama Kuu imekuwa ikitoa zuio la muda kwa anayesubiri notisi iishe. Mawakili wanaliita Mareva. Ukilihitaji, mtafute wakili wiki ileile uliyopata notisi.

Anamfaa: mwenye jirani anayejenga sasa hivi, hasa pakiwa na hatari. Wakazi wa mji huu hatuhitaji kukumbushwa sana. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, watu wakiwa dukani asubuhi.

Polisi

Karatasi: hati ya upekuzi, na hapa sheria ina maneno mengi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mkuu wa kituo kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi ya kupekua, akiwa ameridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa mahali fulani pana kitu kilichohusika na kosa, ushahidi wa kosa, au kitu kilichokusudiwa kutumika kutenda kosa, na kwamba kuchelewa kutafanya kitu hicho kihamishwe au kiharibiwe, au kuhatarisha maisha au mali. Idhini hiyo, sababu zake na matokeo yake vinaripotiwa kwa hakimu mapema inavyowezekana. Mahakama nayo inaweza kutoa hati, na anayeitekeleza ni yule ambaye imeelekezwa kwake. Hati ya mahakama hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, siku yoyote ikiwemo Jumapili, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Ipo pia nafasi ya upekuzi wa dharura bila hati, kwa mazingira mazito yasiyosubiri.

Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe huitwa kwenye upekuzi kama shahidi. Anatazama, kisha anasaini. Akianza kufungua droo yeye, mwambie afande kwa heshima kwamba mjumbe amevuka kazi yake.

Akishaingia: anatafuta, anachukua, anaandika. Vikichukuliwa vitu, lazima itolewe stakabadhi inayotaja vilivyokamatwa, yenye saini ya mwenye nyumba au aliyekuwapo, na ya mashahidi kama wapo. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mambo haya si mapambo: Mahakama ya Rufani imeshatupa vielelezo kwa sababu upekuzi ulifanywa bila hati na bila dharura iliyoelezwa.

Lakini askari hapimi umbali wa ukuta na mpaka, wala hasomi ramani ya jamvi. Ndiyo maana ya lile swali la zege. Kwenye ugomvi wa ujenzi utamwona mara nyingi akimsindikiza mkaguzi ili amani isivunjike, na hapo anayekagua ni wa manispaa. Afande yuko pembeni.

Kuna hali moja ambapo polisi ndio wenyewe. Tuseme umekwenda halmashauri, wakatazama kwenye mfumo, wakakwambia kibali kile kilichobandikwa kwenye mabati hawakukitoa wao. Namba si ya kwao, saini si ya mtu wao. Hapo hatuzungumzii tena tanki la maji. Tunazungumzia kughushi, kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Sasa afande ana kitu cha kukamata: nyaraka, mihuri, kompyuta iliyotumika. Vilevile nondo zilizoibwa saiti, vitisho vya kukatwa panga, au mtu aliyevunja ukuta wako akaingia.

Muda na mfuko: kufungua jalada na kupata namba ya RB ni siku hiyohiyo, bila malipo. Upelelezi una mwendo wake.

Akija kwako: omba kuona hati. Soma jina la mahali, kosa linalotajwa, aliyeidhinisha, tarehe. Omba mjumbe aitwe. Usizuie mlango kwa mwili wako. Ukiona kuna kasoro, iseme kwa sauti mashahidi wasikie, kisha iandikwe kabla hujasaini.

Anamfaa: mwenye dalili za jinai anazoweza kuzitaja kwa jina. Asiye nazo atarudi nyumbani amenuna kama mimi.

Baraza la ardhi

Karatasi: amri yake yenyewe. Hapa wanaoingia ni mwenyekiti wa baraza na wadaawa, yaani pande zinazogombana, wote kwa pamoja, tena kwa nadra. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kutembelea eneo la mgogoro kufanyike pale tu panapohitajika kweli, kwa sababu mwamuzi akishakwenda kuchungulia mwenyewe anaweza kujikuta amekuwa shahidi. Akienda, aende na pande zote, mawakili wao na mashahidi wanaohusika, yaandikwe yaliyoonekana, wakirudi barazani yasomwe mbele ya wote, mwenye kupinga apinge. Kwa hiyo ukisikia mwamuzi amepita kwa jirani peke yake akanywa soda, una hoja.

Akishaingia: anaona ili aamue. Huyu ndiye anayesema ukuta uko upande wa nani, nani alipe fidia, nani abomoe. Anaweza pia kutoa zuio la muda kesi ikiendelea. Ukishinda na mwenzako akagoma, utekelezaji unafanywa na dalali aliyepewa amri ya maandishi. Dalali bila amri ni mtu aliyevaa suti.

Muda na mfuko: hapa jiandae. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Unapita pale kwanza. Likishindwa linakupa cheti, na siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila cheti hicho. Huko kuna ada, kuna tarehe, kuna "shauri limeahirishwa." Kesi za kurudisha umiliki wa mali isiyohamishika zinazozidi shilingi milioni 300 zinakwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria mapema; Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine hapa mjini hutoa.

Akija kwako: utakuwa umeshapata wito siku nyingi. Uwepo. Safisha njia ya kufika kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini na mpima, usizihamishe.

Anamfaa: mwenye ugomvi wa mpaka, umiliki au fidia. Kabla hujalipa ada, tafuta mpima aliyesajiliwa arejeshe mipaka kwa vipimo vya ramani ya upimaji. Kwa nilizoziona mimi, kesi nyingi za ukuta huishia pale bikoni inapofukuliwa chini ya ua la mwanamke fulani aliyeapa haipo.

Wengine wenye funguo zao

Kwa kupita tu. Wakaguzi wa OSHA wanaingia sehemu za kazi kuangalia usalama wa wafanyakazi, na saiti ni sehemu ya kazi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inataka bango la mradi liwepo. Mabati yasiyo na bango ni dalili ya kutosha kuwapigia. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114 pale ukuta unapoanza kuinama. Hao hawaamui mpaka wala umiliki, ila mara nyingine wanafika mapema kuliko wote.

Kwa hali yako

Zege linamwagwa leo na nyumba yako inapasuka: piga picha zenye tarehe, pita kwa mtendaji kuchukua barua, uwe halmashauri kabla ya saa sita. Polisi baadaye, ikihitajika. Kama ukuta unainama, toa watoto kwanza, piga 114, barua itafuata.

Jirani ameongeza ukuta nusu mita ndani ya kwako: mwenyekiti, mpima, Baraza la Kata, kisha la Wilaya, kwa mpangilio huo. Pita pia halmashauri kama ukuta bado unapanda, ili usimame huku mkiamuliwa. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja, na ndivyo tulivyofanya sisi: notisi ilisimamisha shimo, usuluhishi wa kata ukatupatia fundi wa kuziba ufa kwa gharama ya jirani.

Unashuku kibali ni cha kughushi: usianze na kaunta. Anza na halmashauri, upate maandishi kwamba hawakitambui. Barua hiyo ndiyo itakayompa mkuu wa kituo sababu ya kuandika idhini ya upekuzi.

Nyumba ya jirani imegeuka gereji, na yeye anaishi mlemle: halmashauri au ofisi ya ardhi, kwa maandishi, na uwe na subira. Nyumba inayokaliwa haiingiliwi kirahisi, na siku moja utaishukuru sheria kwa hilo.

Na kama ni wewe unayegongewa, saa kumi na mbili asubuhi, umevaa kanga, watu watatu wako getini: uliza kila mmoja anatoka ofisi gani. Wa manispaa mpe kibali. Wa polisi mwombe hati, na mtume kijana akamwite mjumbe. Wa tatu, asiyesema anatoka wapi, abaki nje ya geti mpaka hao wawili waseme ni nani.